Vifungo Saba, au Vinane

Mimi ni fundi cherehani, Mlango Mmoja,
kibanda cha tatu ukitokea kwa wauza viatu.
Kazi yangu ni kubadili nguo zilizokwisha nunuliwa:
napunguza kiuno, nashusha pindo,
suruali ya Mzungu mrefu asiyejulikana
naigeuza iwe ya mwalimu wa Igoma.
Kwa hiyo msiniambie sijui mabadiliko.

Lakini kwangu mwenye nguo husimama,
pale, mbele ya kioo chenye ufa,
nampima huku ameshikilia pumzi
mpaka aseme, "Hapo hapo, fundi, usizidishe."
Mkasi hausogei kabla ya neno hilo.

Koti nililinunua mwezi wa tatu, mvua ikipiga bati.
Halikuwa la kuvaa mimi.
Lilivaliwa na Mlinzi wa Daraja,
kijitu cha urefu wa kidole ndani ya gemu:
koti refu, jekundu kama udongo wa Geita ukilowa,
kola imesimama, bitana ya njano
ikichungulia kila anapokimbia,
mishono miwili miwili begani.
Aliyelichora alijua sindano, naapa.
Shilingi elfu kumi na nane.
Kwa hesabu yangu, pindo za suruali kumi na mbili.

Shija, mtoto wa dada, alinionyesha pa kubonyeza.
Tulicheza usiku baada ya kufunga,
upepo wa ziwa ukipenya chini ya mlango
na harufu ya dagaa wa Kirumba,
zamu yake, zamu yangu, zamu yake tena.

Asubuhi moja simu ikala bando la wiki nzima
kwa jambo ambalo sikuliagiza.
Kufungua: Mlinzi yule yule, daraja lile lile,
koti limekatwa kiunoni.
Rangi ya majivu. Bitana hakuna.
Na chini yake maandishi yanayocheka:
TUMEKUBORESHEA.

Nani alimpima?
Alisimama mbele ya kioo gani?

Nikaandika, Shija akinisahihishia herufi.
Jibu lilikuja siku ya tano,
lenye salamu ndefu na jina la mtu asiyekuwepo.
Sikununua koti, walisema.
Nilinunua ruhusa ya kulitumia
jinsi litakavyokuwa.

Jinsi litakavyokuwa!
Tumeonywa tangu utotoni
tusinunue mbuzi kwenye gunia.
Mimi mbuzi nilimwona.
Nilimshika pembe, nikamhesabu meno, nikalipa.
Ni usiku, zizini mwangu,
ndipo walipoingia wakamgeuza kuku
wakaacha kikaratasi: sasa anataga.

Siku hiyo hiyo Bi Kabula wa Nyakato
alikuja kuchukua gauni la harusi ya mdogo wake.
Juma zima nilikuwa nimelitazama
nikijua mikono ikifupishwa lingependeza zaidi.
Bado naamini hivyo.
Nikalikunja lilivyo, nikampa.

Kisha nikashusha pazia jekundu la mtumba
lililokosa mteja tangu mwaka jana,
nikaanza kukata.
Picha hatukuwa nayo.
Nani hupiga picha kitu kilicho chake,
akidhani kesho hakitakuwapo?
Kola tunaikumbuka sote wawili.
Bitana nimeipata Makoroboi;
si njano ile, lakini ni njano.

Ugomvi ni vifungo.
Mimi nasema saba.
Shija anaapa vinane,
anasema alivihesabu kila Mlinzi alipouawa,
alipolala chali mtoni
akisubiri kufufuka.

Koti linaning'inia msumarini, saizi ya mtoto wa darasa la sita.
Wapitaji wanauliza bei. Haliuzwi.
Vifungo saba nimevishona.
Tundu la nane nimelitoboa,
nikalizungushia uzi vizuri, lisifumuke,
nikaliacha wazi.